Darubini Haitulizi Mkono

Somo la usalama wa silaha kwa wenye leseni na majirani zao



Katika somo la mwezi huu tutajifunza jinsi mpigaji anavyotuliza mkono wake na kulenga kwa usahihi. Mfano tutakaoutumia ni bastola ya kuwindia iliyofungwa darubini. Silaha hii ni ngeni katika vijiji vyetu, na wengi wetu tumeiona kwenye picha za video tu. Hata hivyo tumeichagua kwa makusudi, kwa sababu ndiyo silaha inayofichua makosa ya mpigaji kuliko nyingine zote. Aliyeelewa kwa nini ni vigumu kuipiga vizuri atakuwa ameelewa pia hatari iliyomo katika bunduki ya kawaida iliyohifadhiwa nyumbani kwa jirani yake.

Somo hili halimruhusu mtu kununua silaha, wala kuwinda. Limeandikwa kwa ajili ya mwenye leseni, ili ajipime, na kwa ajili ya jirani asiye na silaha, ili ajue ni maswali gani ana haki ya kuuliza.

Tukio lililotusukuma kuandika

Jioni moja, katika kijiji kilichotenganishwa na nchi jirani na kijito tu, mkulima mwenye leseni halali aliona nguruwe mwitu wakiingia katika shamba lake la mihogo. Alitoka na bunduki yake, ambayo siku chache kabla alikuwa ameifunga darubini. Alisimama wima pasipo egemeo lolote, akalenga, akafyatua. Nguruwe walikimbia wakiwa wazima. Ng'ambo ya kijito, mtamba wa jirani mwenye mimba alianguka na kufa. Mvulana aliyekuwa akimrudisha zizini alikuwa hatua chache nyuma yake.

Nilikuwa miongoni mwa askari waliofika usiku ule. Mkulima yule hakujificha wala hakukana. Alirudia neno moja tu: "Afande, nilimwona vizuri kabisa. Alikuwa karibu kama ninavyokuona wewe."

Alikuwa anasema kweli. Darubini ilikuwa imemsogezea nguruwe karibu, lakini haikuusogeza mtutu wake hata kidogo, haikuutuliza mkono wake, wala haikumwonyesha kilichokuwa nyuma ya nguruwe. Wazee wa pande zote mbili walikaa mara tatu kabla ya kuafikiana juu ya fidia. Bunduki ilichukuliwa na leseni ikasitishwa. Mtamba alilipwa, na watu wakaanza tena kuvuka kwenda sokoni na misibani. Lakini yule mvulana alikataa kwa muda mrefu kupeleka ng'ombe kunywa maji pale kijitoni, na hakuna mzee aliyeweza kumlipa fidia ya usingizi wake.

1. Asili ya silaha hii

Uwindaji kwa bastola umekita mizizi hasa nchini Marekani. Katika miaka ya 1950 wawindaji wa huko, akiwamo mwandishi Elmer Keith wa jimbo la Idaho, walishinikiza viwanda vitengeneze risasi ya bastola yenye nguvu kuliko zilizokuwapo. Matokeo yake yalikuwa risasi ya .44 Magnum, iliyotoka katikati ya muongo huo. Mwaka 1963 kampuni ya Remington ilitoa bastola ya XP-100, iliyojengwa kama bunduki fupi. Mwaka 1967 kampuni ya Thompson/Center ilitoa Contender, bastola inayokunjuka katikati na kupokea risasi moja tu kwa wakati, ambayo mtutu wake huweza kubadilishwa na kuwekwa mwingine wa risasi ya aina tofauti.

Linalotuhusu zaidi ni mchezo uliozuka baadaye. Mwaka 1976 wapigaji wa Marekani waliunda chama cha kimataifa cha kulenga sanamu za chuma kwa bastola, mchezo wenye chimbuko lake nchini Meksiko, ambako ulichezwa kwa bunduki. Sanamu hizo ni za aina nne: kuku husimamishwa mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150 na kondoo dume mita 200. Sharti sanamu ianguke. Kuigusa tu hakutoshi. Watu waliokuwa wakijisifu kwa ustadi walifika uwanjani wakakosa kuku wa mita 50. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba umahiri wa kweli huanza kwa mtu kukiri jinsi anavyotetemeka.

2. Hesabu ya mtetemo

Tufanye hesabu ndogo, ambayo mwanafunzi wa shule anaweza kuihakiki kwa rula.

Chukua bastola yenye mtutu wa sentimita 25. Mkono ukitikisika hata ncha ya mtutu ikahama kwa milimita 1 tu, huku upande wa nyuma ukibaki mahali pake, risasi itakosea kwa sentimita 10 katika mita 25, sentimita 20 katika mita 50 na sentimita 40 katika mita 100. Umbali ukiongezeka mara mbili, kosa nalo huongezeka mara mbili.

Sasa fikiria shabaha yenye ukubwa wa sahani ya chakula, yaani upana wa sentimita 20. Ili risasi isitoke nje ya sahani hiyo katika mita 100, ncha ya mtutu haipaswi kuhama kwa zaidi ya robo ya milimita kutoka katikati. Unene wa kucha ya kidole unazidi kipimo hicho.

Bunduki ndefu hushikwa kwa mikono miwili na kitako chake hukaa begani, hivyo mwili mzima huisaidia kutulia. Bastola hushikwa mbele ya mwili, mikono ikiwa imenyooshwa, na haina bega la kuiegemea. Kila pigo la moyo na kila pumzi huonekana kwenye mtutu. Ukiifunga darubini inayokuza mara nne, mtetemo nao utaonekana umekuzwa mara nne. Mwanafunzi mpya hushtuka akidhani darubini ni mbovu. Sivyo: kwa mara ya kwanza anaonyeshwa ukweli ambao macho matupu yalikuwa yakimficha.

3. Matayarisho kabla ya risasi ya kwanza

Kila somo la silaha huanza na kanuni nne, nasi hatutaziruka:

Kwanza, ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, hata kama umeikagua sasa hivi.

Pili, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichokusudia kukiangamiza.

Tatu, usiweke kidole kwenye kifyatulio kabla ya kulenga na kuamua kupiga.

Nne, hakikisha unaijua shabaha yako, kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake.

Kanuni ya nne ndiyo iliyovunjwa pale kijitoni. Darubini huizidishia hatari, kwa sababu hubana upana wa macho: mpigaji huona mnyama kwa ukamilifu lakini haoni mtu aliye pembeni. Kwa hiyo utazamaji wa eneo hufanywa kwa macho mawili yaliyo wazi kabla ya kuinua silaha, na kamwe darubini ya silaha isitumiwe kuchungulia nani anapita kule. Anayemtazama mtu kwa darubini ya bastola amemwelekezea mtu huyo mtutu.

Baada ya kanuni hizo, linda masikio. Mlio wa bastola ya kuwindia huzidi desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu huweza kuharibu usikivu kwa kudumu. Vaa vizuia sauti vya masikio na miwani ya kukinga macho, hata katika mazoezi mafupi.

Kisha angalia aina ya darubini. Darubini ya bunduki imetengenezwa ili jicho liwe karibu nayo, kiasi cha sentimita 8 hadi 10. Ya bastola imetengenezwa kwa urefu wa mkono, kiasi cha sentimita 30 hadi 60. Anayefunga ya bunduki juu ya bastola atalazimika kusogeza uso karibu, na silaha ikirudi nyuma chuma kitampiga kwenye paji la uso au jichoni. Kwa darubini iliyo sahihi, ukisogeza kichwa au mikono isivyostahili picha huingia giza pembeni. Giza hilo linakuonya kwamba mkao wako umebadilika; usipige mpaka picha iwe kamili tena.

Mwisho wa matayarisho ni kuilinganisha darubini na mtutu. Kazi hii hufanywa katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma. Anza mita 25. Ukiwa umeegemea, piga risasi tatu kwa kulenga mahali pale pale, kisha tazama matundu kwa ujumla wake. Usirekebishe darubini kwa sababu ya tundu moja. Rekebisha kwa kufuata katikati ya matundu yote matatu. Darubini nyingi huhamisha pigo kwa takribani milimita 7 katika mita 100 kila zinapolia "tik" mara moja, maana yake chini kidogo ya milimita 2 katika mita 25. Kwa hiyo matundu yaliyo sentimita 7 kushoto katika mita 25 yanahitaji karibu "tik" 40. Rudia mpaka matundu yakae mahali pake, ndipo uende mita 50.

Ikiwa matundu matatu yametawanyika kama mbegu zilizorushwa kwa mkono, acha darubini kwanza, ujirekebishe wewe mwenyewe.

4. Egemeo na mwili

Mpigaji mwenye busara hapigi akiwa amesimama wima ilhali anaweza kuketi, wala haketi ilhali anaweza kulala. Kadiri mwili unavyoigusa ardhi kwa sehemu nyingi, ndivyo mtetemo unavyopungua.

Mkao unaofundishwa kwanza ni wa kuketi chini. Mgongo huegemea mti au ukuta, magoti hukunjwa, na mikono hupumzishwa juu au katikati ya magoti. Mkao wa pili ni wa kulala kifudifudi, mikono yote miwili ikiwa juu ya mfuko mdogo wa mchanga au begi lililojaa nguo. Katika mikao yote, kitu kinachoegemezwa ni mikono au sehemu ya chini ya silaha. Mtutu wenyewe usigusishwe jiwe, ukuta wala tawi gumu: silaha huruka kutoka kwenye kitu kigumu, na risasi huenda mahali tofauti na pale ulipolenga.

Kwa bastola ya silinda kuna onyo la pekee. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba, na hewa ya moto hutoka hapo kwa kasi kubwa kila risasi inapolipuka. Mkono uliowekwa karibu na mwanya huo hujeruhiwa vibaya. Wachezaji wa sanamu za chuma, ambao baadhi yao hulala chali na kuegemeza bastola kwenye mguu, hulazimika kufunga ngozi nzito juu ya mguu kwa sababu hiyo hiyo. Mkono wa pili hushika juu ya mkono wa kwanza, kwenye mpini, na haupiti mbele ya silinda.

Ushikaji uwe imara na wa namna moja siku zote. Ukibana sana, misuli itaanza kutetemeka. Ukilegeza, silaha itateguka mkononi na kila risasi itakwenda njia yake. Viwiko vikunjwe kidogo ili vipokee teke la silaha.

5. Pumzi na kidole

Vuta pumzi mara mbili kwa utulivu. Toa nusu ya pumzi ya mwisho, kisha izuie. Una sekunde sita hadi nane. Zikipita hujafyatua, shusha silaha, pumua, uanze upya. Misuli inayokosa hewa hutetemeka zaidi, na jicho lililokazwa kwa muda mrefu huanza kuona kile linachotaka kuona. Kushusha silaha bila kupiga si aibu. Kwa kweli hapo ndipo mkufunzi hutambua kwamba mwanafunzi ameanza kuelewa.

Sasa tumefika kwenye kosa linalowaangusha wengi. Ndani ya darubini kuna mistari miwili iliyopishana kama msalaba. Mwanafunzi huona msalaba huo ukielea juu ya shabaha, ukienda kushoto, ukirudi kulia. Hungoja upite katikati, kisha kwa pupa huvuta kifyatulio ili auwahi. Ule mvuto wa pupa husogeza mtutu mbali zaidi kuliko mtetemo wenyewe ungefanya.

Njia sahihi ni kukubali kwamba msalaba utaelea. Uache uelee ndani ya shabaha, huku kidole kikiongeza uzito kwenye kifyatulio polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma, mpaka silaha ilipuke bila wewe kuchagua sekunde. Ikiwa kuelea huko ni kukubwa kuliko shabaha, jawabu si kuwahi. Tafuta egemeo bora, sogea karibu, au usipige.

Baada ya mlipuko usiinue kichwa kutazama. Baki katika mkao ule ule, kifyatulio kikiwa kimebanwa, mpaka silaha itulie tena. Anayekimbilia kutazama matokeo huanza kusogea kabla risasi haijatoka mtutuni.

6. Woga wa teke

Bastola ya kuwindia hupiga teke kubwa na kutoa mlio mkali. Mwili wa binadamu hujifunza upesi kuogopa, na mwenyewe hana habari. Kabla ya mlipuko jicho hufumba na kifundo cha mkono hushuka. Mpigaji atakuapia kwamba hafanyi hivyo.

Kuna jaribio lisilodanganya. Mwenzako akujazie silinda kwa kuchanganya risasi halisi na risasi bandia zisizo na baruti, bila wewe kujua zipo wapi. Unapofyatua risasi bandia hakuna teke wala mlio, na ncha ya mtutu itaonekana wazi ikichovya chini. Nilipokuwa kuruta nilijiona hodari mpaka nilipofanyiwa jaribio hilo mbele ya wenzangu. Mtutu wangu ulichovya kama ndege anayekunywa maji, nao walicheka mpaka wakakaa chini.

Dawa ya woga ni kurudi nyuma. Tumia risasi ndogo ya .22, au risasi dhaifu zaidi zinazokubaliwa na silaha yako. Kwa mfano, bastola ya.44 Magnum hupokea risasi ya .44 Special, na ya .357 Magnum hupokea .38 Special. Usipige risasi nzito zaidi ya ishirini au thelathini kwa siku, kwa kuwa mkono uliochoka haujifunzi kitu.

Mazoezi mengi hayahitaji risasi hata moja. Toa risasi zote, kagua mara mbili, zipeleke risasi katika chumba kingine, elekeza mtutu kwenye ukuta mnene au tuta la udongo, kisha fanya zoezi la kufyatua huku ukitazama kama msalaba unahama. Dakika kumi kila siku hufundisha mengi kuliko sanduku la risasi lililomalizwa kwa siku moja. Silaha nyingi za .22 huharibika zikifyatuliwa tupu, hivyo hizo zitumie risasi bandia. Watoto wasiwepo chumbani, na zoezi likimalizika liwe limemalizika: usirudie "mara moja tu" baada ya kurudisha risasi.

7. Kila mpigaji ana mpaka wake

Wawindaji waangalifu wa Marekani hutumia sahani ya karatasi kujihukumu. Unaweka sahani ya sentimita 20 kwenye tuta la udongo, katika mita 25. Unapiga risasi tano katika mkao ambao ungeutumia porini, si kwenye meza ya uwanja. Zote tano zikiingia, unarudi nyuma kidogo na kurudia. Umbali wa mwisho ambao risasi zote tano ziliingia ndio mpaka wako. Ikitoka moja tu, umeshauvuka.

Wengi hupata jibu lisilowafurahisha. Anayedhani anaweza mita 100 hugundua kwamba mpaka wake ni mita 40. Kwa mtu aliyesimama bila egemeo, mpaka huo huwa mfupi zaidi. Tena hapo uwanjani hakuna giza, hakuna hasira ya mazao yaliyoliwa, hakuna moyo unaodunda kwa mbio. Yote hayo yakiongezeka, mpaka hurudi karibu zaidi.

Uandike umbali huo mahali utakapouona kila unapofungua kabati la silaha. Kisha uuheshimu. Ustadi wa mpigaji haupimwi kwa risasi aliyoipiga mbali sana. Unapimwa kwa zile alizoamua kutozipiga.

8. Mpaka wa nchi nao hauisimamishi risasi

Risasi iliyokosa shabaha haiishii pale. Hata ile ndogo ya .22 huweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Kwa sisi tunaoishi Busia, Malaba, Mutukula na vijiji vyote vya kando ya mpaka, kilomita moja mara nyingi ni nchi nyingine. Risasi huvuka bila pasi na bila kuuliza ni upande gani watoto wanateka maji. Maji yakimwagika hayazoleki.

Leseni, kinyume chake, haivuki. Nchini Uganda silaha husimamiwa na Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970. Kenya ina sheria yake, Sura ya 114. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali cha nchi moja si kibali cha nchi nyingine, hata kama shamba lako na la shemeji yako vinatazamana. Nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kudhibiti silaha ndogo, na miongoni mwa mambo zilizokubaliana ni kutia silaha alama zitakazozitambulisha. Silaha isiyo na alama wala karatasi haina mwenyewe anayeweza kujitetea.

Kuhusu uwindaji, sheria pia hutofautiana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huruhusu kwa vibali maalumu. Uganda huwalinda wanyamapori kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na anayewinda bila idhini ya mamlaka husika anatenda kosa, hata kama ana leseni ya silaha. Wanyama wakivamia mazao, mjulishe mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Sheria hiyo ya 2019 imeweka pia utaratibu wa fidia kwa madhara yanayosababishwa na baadhi ya wanyama waliotajwa ndani yake.

Ikitokea risasi yako imekwenda usikokusudia, mambo ni matatu. Acha kupiga na uifanye silaha iwe salama. Nenda ukaangalie kama kuna aliyeumia, lakini usivuke mpaka ukiwa na silaha. Toa taarifa polisi papo hapo, hata kama unaamini haikumgusa mtu. Yule mkulima wa kijitoni alikuja kituoni mwenyewe usiku ule ule. Wazee wa upande wa pili walituambia baadaye kwamba hilo ndilo lililowafanya wakubali kukaa naye meza moja.

Maswali ya kujadiliana kijijini

1. Kwa nini mkulima aliyesema "nilimwona vizuri" alikosa shabaha? Taja mambo matatu ambayo darubini haikumsaidia.

2. Ikiwa ncha ya mtutu wa sentimita 25 imehama kwa nusu milimita, risasi itakosea kwa kiasi gani katika mita 50? (Jibu: sentimita 10.)

3. Nyuma ya mashamba ya kijiji chetu kuna nini: njia, kisima, shule, zizi, au nchi jirani? Choreni ramani pamoja, na majirani wa ng'ambo washirikishwe.

4. Mwenye leseni: mpaka wako ni mita ngapi, na uliupima lini?

Katika mkutano wetu uliopita wa polisi na jamii, mkulima yule alisimama bila kuombwa. Alisema hajaomba kurudishiwa bunduki. Aliomba jambo moja tu: kwamba yeyote atakayeruhusiwa kumiliki silaha kijijini apimwe kwanza kwa sahani, mbele ya majirani wa pande zote mbili. Mvulana wa ng'ambo, ambaye sasa anachunga tena, alikuwa ameketi safu ya nyuma pamoja na babu yake. Mkutano ulikubaliana kwamba jambo hilo lipelekwe kwa wakuu wa vituo vya pande zote mbili. Tutawaarifu katika toleo lijalo.